Nchi imeshika namba ngapi? Safari ya orodha zinazopima mataifa

Septemba 16, 2021 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba haitachapisha tena ripoti ya Doing Business. Tangu mwaka 2003 ripoti hiyo ilikuwa ikipima nchi kwa urahisi au ugumu wa kufungua na kuendesha biashara, na toleo lake la mwisho lilipanga nchi na maeneo 190. New Zealand ilikuwa juu kabisa. Katika ukanda wetu Rwanda ilishika nafasi ya 38, Kenya ya 56, Uganda ya 116, Tanzania ya 141, Burundi ya 166 na Kongo ya Kinshasa ya 183. Somalia ilifunga mkia. Waliofuatilia habari za uchumi miaka hiyo wanakumbuka namba hizo zilivyokuwa zikingojewa kama matokeo ya darasa la saba: serikali iliyopanda iliita waandishi wa habari, iliyoshuka iliunda kamati.

Kilichoizika ripoti hiyo ni aibu. Ilibainika kwamba takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa ndani ya benki yenyewe, na nitalieleza hilo kwa kirefu mbele. Lakini historia ya orodha hizi ilianza zamani kuliko Doing Business, na Afrika Mashariki na majirani zake wamo ndani yake tangu mwanzo, wakati mwingine kama wapimwaji, wakati mwingine kama mahali ambapo wazo lenyewe lilizaliwa. Nimeifuatilia kwa muda mrefu na kuna jambo moja linanikera kila ninapoisoma: karibu kila kipimo kikubwa kilipobuniwa, mtu aliyeachwa nje ya hesabu alikuwa yuleyule. Ni mwanamke wa kijijini anayelima, kuteka maji na kupika, au ni mchuuzi wa mjini asiye na karatasi ya usajili.

Mzizi wa orodha zote hizi ni pato la taifa. Mwaka 1934 Simon Kuznets, mchumi aliyezaliwa katika dola ya Urusi na kuhamia Marekani, aliwasilisha mbele ya Seneti ya nchi hiyo hesabu ya pato la Marekani kwa miaka ya 1929 hadi 1932. Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, na hesabu ilionyesha kwamba pato lilikuwa limeporomoka kwa karibu nusu. Kabla yake serikali ilikuwa ikipapasa gizani, ikikisia hali ya uchumi kwa bei za hisa na mabehewa ya mizigo. Kuznets aliwapa namba. Katika ripoti hiyohiyo aliwaonya pia kwamba ustawi wa watu wa nchi hauwezi kusomwa kutoka kwenye pato lake. Namba ilichukuliwa, onyo likasahaulika.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyoipa namba hiyo nguvu. Serikali ya Uingereza ilitaka kujua nchi inaweza kugharamia kiasi gani cha silaha bila wananchi kukosa mkate, na wachumi Richard Stone na James Meade, wakisukumwa na John Maynard Keynes, wakatengeneza hesabu za taifa zilizokuwa msingi wa mfumo unaotumiwa duniani mpaka leo. Swali lililofuata lilikuwa la kikoloni: je, hesabu hizi zinaweza kufanywa kwa nchi ambayo watu wake wengi hawauzi wala kununua sehemu kubwa ya wanachokula?

Kazi ya kujibu swali hilo alipewa msichana wa miaka 23. Phyllis Deane aliajiriwa London mwaka 1941, na nchi za kujaribia zilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, pamoja na Jamaica. Mwanzoni alifanya kazi na karatasi tu, kwa sababu vita vilizuia safari. Vita vilipokwisha alikwenda mwenyewe Afrika ya Kati, akaingia vijijini. Alichokikuta huko kiliyapangua majedwali yake. Mahindi yalilimwa na kuliwa palepale. Pombe ilipikwa, nyumba zilijengwa kwa msaada wa majirani, kuni zilibebwa kichwani mwendo mrefu, na hakuna senti iliyobadilisha mikono. Deane alitoa hoja kwamba ukiacha kuhesabu kazi ya kutafuta kuni na kupika, basi umeacha kuhesabu sehemu kubwa ya kile ambacho wanakijiji wanazalisha kweli, na karibu yote ni kazi ya wanawake. Hoja yake haikuwa ya huruma. Ilikuwa ya mhasibu: daftari lisilo na nusu ya mapato si daftari sahihi.

Hakusikilizwa. Mwaka 1953, mwaka uleule kitabu chake kikubwa kuhusu hesabu za makoloni kilipochapishwa, Umoja wa Mataifa ulitoa mfumo wa kwanza wa kimataifa wa hesabu za taifa, kazi iliyoongozwa na Stone, na kazi za nyumbani ziliwekwa nje ya mpaka. Tanganyika nayo ilifikiwa: mwaka 1958 wachumi Alan Peacock na Douglas Dosser walitoa hesabu ya pato la nchi hiyo kwa miaka ya 1952 hadi 1954. Nchi zetu zilipopata uhuru zilikuta kipimo tayari kimeshakatwa, na zikakirithi pamoja na ofisi za takwimu na viti vyake.

Kilichofuata ni kupangana. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa ulitoa orodha ya kwanza ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo. Zilikuwa 25, na Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwamo. Mwaka 1978 Benki ya Dunia ilianza kuchapisha ripoti yake ya kila mwaka kuhusu maendeleo, na nyuma yake kukawa na majedwali yaliyopanga nchi kuanzia maskini hadi tajiri kwa kipato cha kila mtu. Kwa Tanzania ya Mwalimu Nyerere majedwali hayo hayakuwa na namna ya kuonyesha kilichokuwa kikifanyika. Watu wazima walikuwa wakijazana kwenye madarasa ya kisomo chini ya miti, shule za msingi zilikuwa zikifika vijiji ambavyo havijawahi kuona ubao, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilihesabiwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye watu wengi wanaojua kusoma na kuandika. Kwenye jedwali ilibaki nchi maskini, basi. Umaskini ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini namba moja ya fedha ilikuwa inafuta kazi ya watu wengi mno.

Aliyeamua kupambana na namba kwa kutumia namba alikuwa Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa nchi yake. Mwaka 1990, chini ya mwavuli wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, alitoa Ripoti ya kwanza ya Maendeleo ya Binadamu. Rafiki yake tangu enzi za masomo Cambridge, Amartya Sen wa India, alisita. Sen amesimulia kwamba aliona ni ukatili kuyabana maisha ya watu katika tarakimu moja. Haq alimjibu kwamba anajua kipimo hicho ni butu, lakini kitu pekee kinachoweza kuipindua tarakimu moja butu inayotawala magazeti na mabunge ni tarakimu nyingine moja, ila iwe na macho ya kuona afya na elimu. Sen alikubali, na kazi ya kutengeneza fomula ikamwangukia yeye.

Fahirisi hiyo ilichanganya vitu vitatu: umri wa kuishi, kujua kusoma na kuandika, na kipato, kila kimoja kikipewa uzito sawa. Matokeo yalitolewa kati ya sifuri na moja. Katika nchi 130 za orodha ya kwanza, Japan ilikuwa juu na Niger chini kabisa. Habari iliyowashtua wengi ilikuwa katikati: Sri Lanka, nchi ya kipato kidogo, ilizipita nchi nyingi zilizoizidi fedha, kwa sababu watu wake waliishi muda mrefu na walisoma. Waziri wa nchi yenye mafuta na vifo vingi vya watoto hakuwa tena na mahali pa kujificha. Haq alikuwa amefanikiwa.

Ila alifungua mlango ambao haukufungwa tena. Nani aliamua kwamba elimu ni theluthi moja na uhai theluthi moja? Hakuna sayansi inayosema hivyo. Ni uamuzi wa watu wachache mezani, wenye nia njema, na ukishageuzwa kuwa namba yenye nukta na tarakimu tatu unasomeka kama kipimo cha joto la mgonjwa. Kila fahirisi iliyokuja baadaye ina uamuzi wa namna hiyo ndani yake, na mara nyingi hauonekani kwenye jedwali.

Orodha iliyofuata kwa umaarufu ina mizizi Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Peter Eigen, Mjerumani, alikuwa mkurugenzi wa Benki ya Dunia wa Afrika Mashariki mwenye ofisi yake jijini humo. Aliona miradi mikubwa ikipitishwa huku hongo ikitoka kwa makampuni ya nje na kuingia mifukoni mwa wakubwa wa ndani, miradi mingine ikiwa haina faida yoyote kwa wananchi watakaolipa deni lake. Alipotaka kulivalia njuga suala hilo alielezwa kwamba benki hairuhusiwi kujiingiza katika siasa, na rushwa ilihesabiwa kuwa siasa. Akaondoka, na mwaka 1993 yeye na wenzake wakaanzisha Transparency International, makao yake Berlin. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo mhasibu wa Nairobi, Joe Githongo. Mwanawe, John Githongo, baadaye aliongoza tawi la Kenya, akawa katibu mkuu wa maadili katika serikali ya Rais Mwai Kibaki mwaka 2003, na mwaka 2005 alilazimika kukimbilia Uingereza kwa sababu ya alichokigundua katika kashfa ya Anglo Leasing.

Orodha ya kwanza ya rushwa ilitoka mwaka 1995 ikiwa na nchi 41. Mwaka uliofuata ziliongezeka kuwa 54, na Kenya ilikuwa ya 52. Tanzania, iliyokuwa imetoka kupokea ripoti ya Tume ya Jaji Warioba kuhusu kero ya rushwa mwaka 1996, iliwekwa ya 81 kati ya 85 mwaka 1998, sambamba na Nigeria. Vishindo vilikuwa vikubwa. Magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam yalipata kichwa cha habari kisichohitaji ushahidi wa mahakama, na wanasiasa wa upinzani walipata fimbo.

Fimbo hiyo ilikuwa na kasoro mbili, na ni haki zisemwe. Kwanza, orodha ilikusanya mitazamo, hasa ya wafanyabiashara na wachambuzi, wengi wao wakiiangalia nchi kwa nje. Pili, ilimwaibisha mpokeaji na kumwacha mtoaji. Wakati Kenya na Tanzania zikizomewa, hongo aliyotoa mfanyabiashara wa Ujerumani nje ya nchi yake ilikuwa gharama halali ya biashara, inayopunguzwa kwenye kodi. Hali hiyo ilikoma mwaka 1999, mwaka ambao mkataba wa nchi tajiri dhidi ya hongo kwa maofisa wa kigeni ulianza kufanya kazi. Transparency International wenyewe waliliona pengo hilo, na mwaka huohuo wakatoa orodha ya nchi ambazo makampuni yake yanatoa hongo. Haikupata umaarufu wa ile ya kwanza hata kidogo.

Tawi la Kenya lilifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko orodha ya Berlin. Liliwauliza wananchi wa kawaida wa mijini: mwezi huu umetoa hongo mara ngapi, kwa nani, kiasi gani? Matokeo yalitolewa Januari 2002. Mkaazi wa mjini alikuwa akitoa hongo kwa wastani mara 16 kwa mwezi, na polisi waliongoza kwa mbali. Utafiti huo haukuilinganisha Kenya na Denmark. Uliwataja wahusika taasisi kwa taasisi, kwa mdomo wa anayelipa, na kila mkuu wa taasisi alijikuta ana swali la kujibu nyumbani kwake.

Turudi sasa kwenye biashara. Mwaka 1986 mchumi wa Peru, Hernando de Soto, alichapisha kitabu kilichosimulia jaribio alilofanya na wenzake jijini Lima. Walijifanya wanafungua karakana ndogo ya kushona nguo pembezoni mwa jiji, wakaamua kufuata sheria mwanzo hadi mwisho. Iliwachukua siku 289 kupata vibali vyote. Waliombwa hongo mara kumi, na mara mbili ilibidi watoe kwa sababu bila hivyo kazi ingekwama. Hoja ya de Soto ilikuwa kwamba maskini hawakwepi sheria kwa ukaidi; sheria ndiyo imewafungia mlango. Tanzania ilimwita. Mwaka 2004, chini ya Rais Benjamin Mkapa, ulianzishwa mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, MKURABITA, na taasisi ya de Soto ndiyo iliyofanya uchambuzi wa awali.

Wazo la karakana ya Lima lilichukuliwa na wachumi waliotaka kuipima dunia nzima. Simeon Djankov wa Bulgaria, pamoja na wenzake watatu, mwaka 2002 walichapisha utafiti wa nchi 85: Canada ilihitaji hatua mbili na siku mbili kusajili kampuni, Msumbiji hatua 19 na siku 149 za kazi. Oktoba 2003 likatoka toleo la kwanza la Doing Business likiwa na nchi 133. Halikuwa na nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Upangaji wa jumla uliingizwa miaka miwili baadaye, na hapo ndipo ripoti ya kitaalamu ilipogeuka kuwa mashindano.

Inafaa kuangalia kwa karibu kilichokuwa kinapimwa. Hakuna mfanyabiashara halisi aliyefuatwa dukani kwake. Ilibuniwa kampuni ya kufikirika: kampuni yenye dhima ya ukomo, iliyoko katika jiji kubwa la biashara la nchi, yaani Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali, wamiliki wake ni watano, wote raia, ina wafanyakazi kati ya 10 na 50, mtaji wake wa kuanzia ni mara kumi ya kipato cha mwananchi wa kawaida. Kisha wanasheria, wahasibu na maofisa walijaza dodoso: kwa mujibu wa sheria, kampuni hii itapita hatua ngapi, siku ngapi, shilingi ngapi? Maeneo kumi yalipimwa hivyo, kuanzia usajili, vibali vya ujenzi na kuunganishiwa umeme hadi kodi na ufilisi. Kodi ikiwa ndogo, alama zilipanda. Kwa miaka kadhaa hata urahisi wa kuajiri na kufukuza wafanyakazi uliingia kwenye nafasi ya nchi, mpaka vyama vya wafanyakazi duniani vilipopiga kelele na kipengele hicho kikaondolewa.

Sasa chukua mama lishe wa Kariakoo au fundi wa jua kali wa Gikomba na umweke ndani ya kampuni hiyo. Haingii. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alipoagiza vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, awamu ya kwanza ikiwa vitambulisho 670,000, mchuuzi mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni nne kwa mwaka alilipa 20,000 na kuachana na ushuru wa kila siku na kukimbizana na mgambo. Mtu anaweza kubishana kuhusu utekelezaji wake, na wengi walibishana. Lakini kwa machinga hilo ndilo lililokuwa badiliko kubwa la mazingira ya biashara mwaka huo, na Doing Business haikuwa na kipengele cha kuliona.

Siitaki haki ya upande mmoja. Ripoti ilisukuma mambo ya maana. Rwanda iliunda kitengo maalumu cha kuifuatilia, ikabadilisha sheria zake, ikaweka huduma zote za usajili chini ya dari moja, na katika toleo lililotoka Septemba 2009 iliruka kutoka nafasi ya 143 hadi ya 67. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya kusini mwa Sahara kuongoza dunia nzima kwa mageuzi. Kusajili kampuni Kigali kukawa hatua mbili na siku tatu. Kenya nayo ilipanda kutoka ya 136 hadi ya 56 katika matoleo matano, ikipitisha sheria mpya ya makampuni na ya ufilisi mwaka 2015 na kuhamishia huduma nyingi kwenye mtandao wa eCitizen. Yeyote aliyewahi kushinda kwenye foleni ya msajili akiambiwa faili halionekani anajua thamani ya mageuzi hayo.

Tatizo ni kwamba nafasi ilianza kutafutwa kwa ajili ya nafasi yenyewe. Mwaka 2012 Rais Vladimir Putin aliagiza kwa amri ya serikali kwamba Urusi ifike nafasi ya 20 ifikapo 2018. India chini ya Narendra Modi ilijiwekea lengo la kuingia 50 bora. Mwaka 2015 Mary Hallward-Driemeier na Lant Pritchett walilinganisha siku za kwenye ripoti na siku ambazo wenye makampuni halisi walisema walizitumia. Hazikufanana. Wengi walipata vibali mapema kuliko ripoti ilivyosema, wengine walisota, na tofauti kati ya kampuni na kampuni ndani ya nchi moja ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi. Kwa maneno ya mtaani, mwenye kujuana alipita kwa haraka. Karatasi ya sheria haikuwa na taarifa hiyo.

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka 2013 jopo huru lililoongozwa na Trevor Manuel, waziri wa zamani wa fedha wa Afrika Kusini, lilipendekeza ripoti ibaki ila upangaji wa jumla uondolewe. Benki ilikataa pendekezo hilo. Januari 2018 mchumi mkuu wa benki, Paul Romer, alilalamika hadharani kuhusu jinsi nafasi ya Chile ilivyokuwa ikipanda na kushuka kulingana na rais aliyekuwa madarakani, na mwezi huohuo akaacha kazi. Agosti 2020 benki ilisimamisha ripoti, na Desemba ikakiri kwamba takwimu za China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan zilibadilishwa isivyo halali katika matoleo ya 2018 na 2020. China, iliyotangazwa kuwa ya 78, ilistahili nafasi ya 85.

Kampuni ya mawakili ya WilmerHale iliyopewa kazi ya kuchunguza ilieleza kwamba mwaka 2017 watumishi walishinikizwa na watu wa ofisi ya rais wa benki, Jim Yong Kim, pamoja na mtendaji mkuu wa wakati huo, Kristalina Georgieva, ili China isishuke. Wakati huo benki ilikuwa ikiwaomba wanahisa, China ikiwa mmoja wa wakubwa, waongeze mtaji. Uchunguzi ulieleza pia kwamba Saudi Arabia iliinuliwa ili iipite Jordan katika orodha ya nchi zilizopiga hatua zaidi. Georgieva, ambaye tayari alikuwa mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), alikanusha, na Oktoba 2021 bodi ya IMF ilisema bado ina imani naye. Jordan ni nchi ndogo isiyo na mtaji wa kumwongezea mtu. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa kizima: namba iliyotumika kwa miaka mingi kuzionya nchi zetu dhidi ya kujuana na upendeleo ilipindwa kwa kujuana na upendeleo.

Oktoba 2024 Benki ya Dunia ilirudi na ripoti nyingine, B-READY. Ilianza na nchi 50, Rwanda na Tanzania zikiwamo. Safari hii hakuna nafasi moja ya jumla. Kuna alama za sheria, za huduma za umma na za utendaji halisi, na wafanyabiashara wenyewe wanaulizwa. Maslahi ya wafanyakazi yanahesabiwa upande wa alama nzuri. Ni marekebisho ya kweli, na yametokana na hoja zilizotolewa miaka kumi na zaidi iliyopita. Hata hivyo kampuni zinazohojiwa ni zilizosajiliwa.

Kwa upande wa pato la taifa, hoja ya Deane ilisogea polepole mno. Ilifika 1993 ndipo mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa ulipoeleza wazi kwamba kuni zilizookotwa na maji yaliyotekwa kwa matumizi ya nyumbani ni uzalishaji unaostahili kuhesabiwa. Kupika kwa kuni hizo na kumwogesha mtoto kwa maji hayo kuliachwa nje. Machi 2025 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha toleo jipya linalozihimiza nchi kutengeneza majedwali ya ziada ya kazi za nyumbani zisizolipwa. Majedwali hayo yanawekwa pembeni ya pato la taifa, si ndani yake, na yanahitaji tafiti za matumizi ya muda, ambazo watafiti hukaa na watu wakiandika kila saa ya siku imetumikaje. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania iliwahi kuzifanya pamoja na utafiti wa nguvukazi wa 2006 na wa 2014. Kenya ilifanya wake mwaka 2021. Ni tafiti za gharama, na bajeti yake hupitishwa bungeni Dodoma na Nairobi, ambako hakuna haja ya kusubiri ruhusa ya Washington.